Kumzuia Rais wa Marekani: Kongresi au Mahakama?

Kila Ikulu ya Marekani inapotoa amri inayogusa maisha ya watu wengi, wanaotaka kuipinga hujikuta mbele ya milango miwili. Mmoja ni Kongresi, yenye Baraza la Wawakilishi na Seneti, ambayo Katiba imeikabidhi kazi ya kutunga sheria, kuidhinisha matumizi ya fedha za umma na kutangaza vita. Mwingine ni mahakama za shirikisho, kuanzia mahakama za wilaya hadi Mahakama ya Juu yenye majaji tisa. Kwa jumuiya ya wahamiaji iliyoko Minneapolis, Columbus au Houston, yenye wanachama wachache na mfuko mdogo, kuchagua mlango wa kubisha hodi kuna gharama zake, kwa kuwa fedha iliyokwisha kulipwa kwa wakili haiwezi tena kukodi basi la kuwapeleka watu Washington kuonana na maseneta wao. Hata aliye mbali, kama mwombaji wa viza wa Dar es Salaam au mwendeshaji wa kliniki ya Kisumu inayotegemea fedha za Marekani, anahitaji kujua ni habari za upande upi azifuatilie na zipi azisome kwa tahadhari.

Ulinganisho huu unaipima milango hiyo kwa mambo yanayomhusu mwenye kuchagua: kasi yake, aina ya mambo inayoweza kuyafikia, na uwezekano wa matokeo yake kubaki pale rais anapobadilika. Nitangulize hukumu yangu ili msomaji aipime njiani. Mahakama ina kasi, lakini mara nyingi kinachoamua kesi ni maneno ambayo Kongresi iliyaandika miaka mingi kabla. Kwa hiyo mwenye shida ya wiki hii na aende mahakamani, ilhali mwenye shida ya miaka ishirini ijayo hana budi kuhangaika na Kongresi, hata kama inakwenda polepole na inakatisha tamaa.

Kwa upande wa kasi, mahakama haina mpinzani. Tarehe 27 Januari 2017, ikiwa ni wiki moja tangu aapishwe, Rais Donald Trump alitia saini amri iliyowazuia kuingia Marekani kwa siku 90 raia wa Iran, Iraq, Libya, Somalia, Sudan, Syria na Yemen. Usiku wa siku iliyofuata jaji wa shirikisho mjini Brooklyn alikwisha kuzuia kurudishwa makwao kwa watu waliokwama katika viwanja vya ndege, na tarehe 3 Februari Jaji James Robart wa Seattle akasimamisha utekelezaji wa amri hiyo nchi nzima. Ndani ya siku saba, mtu mmoja aliyevaa joho alikuwa amefanya jambo ambalo Baraza lenye wabunge 435 na Seneti yenye wajumbe 100 zisingelifanya hata kwa miezi saba, kwa sababu wakati huo chama cha rais ndicho kilichokuwa na wingi wa viti katika mabaraza yote mawili.

Anayeichagua mahakama kwa kuangalia wiki hiyo ya kwanza, hata hivyo, atakuwa ameona nusu tu ya safari. Ikulu iliandika amri ya pili mwezi Machi ikaiondoa Iraq, kisha tamko la tatu mwezi Septemba, na kila mara wanasheria wake waliziba matundu ambayo majaji walikuwa wameyaonyesha. Tarehe 26 Juni 2018 Mahakama ya Juu, kwa kura 5 dhidi ya 4, ililiidhinisha tamko hilo la tatu. Hoja iliyobeba hukumu ilitoka katika Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1952, ambayo inamruhusu rais kusimamisha kuingia kwa wageni wote au kundi lolote la wageni, kwa muda anaoona yeye kuwa unafaa, mradi tu aone kwamba kuingia kwao kunadhuru maslahi ya Marekani. Jaji Mkuu John Roberts hakuwa na kazi ngumu ya kuonyesha kwamba kifungu cha namna hiyo kinamwachia rais nafasi kubwa katika kila kipengele chake. Kinaya kilichopo ni kwamba Kongresi iliipitisha sheria hiyo kwa kuishinda kura ya turufu, yaani kukataa kwa rais kuukubali mswada, ya rais wa wakati huo, Harry Truman, jambo linalohitaji theluthi mbili za kila nyumba. Yaani mamlaka hayo makubwa rais hakuyanyakua, alipewa na wabunge, tena bila yeye kuitaka sheria yenyewe.

Watanzania waliuonja upana wa kifungu hicho mwaka 2020. Tamko la tarehe 31 Januari mwaka huo liliwafungia, pamoja na Wasudani, njia ya bahati nasibu ya viza, ile ambayo wengi huiita DV, ingawa bahati nasibu yenyewe imewekwa na sheria ya Kongresi ya mwaka 1990. Zuio hilo halikuondolewa na hukumu wala na sheria mpya. Rais Joe Biden alilifuta kwa tamko lake siku aliyoapishwa, tarehe 20 Januari 2021. Kwa kuwa kifungu cha mwaka 1952 kilibaki kama kilivyokuwa, Trump aliporudi madarakani alitoa tamko jingine tarehe 4 Juni 2025, lililoigusa Burundi miongoni mwa nchi nyingine, na mwezi Desemba mwaka huo Tanzania nayo ikaingizwa katika orodha ya nchi zilizowekewa vizuizi vya kiasi. Familia iliyopanga maisha yake kwa kutegemea kufutwa kwa mwaka 2021 ilikuwa imetegemea saini ya mtu mmoja, na saini ya mtu mwingine imetosha kuirudisha ilipokuwa.

Kesi ambazo mahakama imemshinda rais nazo zinaelekeza kulekule. Iliyo mashuhuri zaidi ni ya viwanda vya chuma. Tarehe 8 Aprili 1952, vita vya Korea vikiendelea na wafanyakazi wakiwa wametangaza mgomo, Truman alimwagiza Waziri wake wa Biashara kuvitwaa viwanda vya chuma ili uzalishaji wa silaha usisimame. Kesi ilipanda ngazi zote kwa siku 55 tu, na tarehe 2 Juni Mahakama ya Juu ikaamua kwa kura 6 dhidi ya 3 kwamba rais hakuwa na mamlaka hayo. Truman alivirudisha viwanda kwa wenyewe, na mgomo ukaanza. Walioandika maoni ya upande wa ushindi walikumbusha kwamba mwaka 1947, ilipotunga sheria ya migogoro ya kazi, Kongresi ilifikiria kuiruhusu serikali kutwaa viwanda ikakataa. Jaji Robert Jackson, aliyewahi kuwa Mwanasheria Mkuu wa serikali ya Rais Franklin Roosevelt na hivyo akaujua utamu wa madaraka kutoka ndani, alieleza ngazi tatu ambazo leo hunukuliwa kuliko hukumu yenyewe: rais huwa na nguvu kubwa kabisa anapotenda kwa idhini ya Kongresi, huwa katika utusitusi Kongresi inaponyamaza, na huwa dhaifu kabisa anapokwenda kinyume na matakwa yake.

Mtindo huo ulionekana tena tarehe 30 Juni 2023, pale Mahakama ya Juu ilipoufuta mpango wa Biden wa kusamehe mikopo ya elimu ya takriban dola bilioni 400. Majaji sita dhidi ya watatu walisema sheria ya mwaka 2003, iliyomruhusu Waziri wa Elimu kulegeza masharti ya mikopo wakati wa dharura, haikubeba msamaha wa ukubwa huo. Unaweza kuipenda au kuichukia hukumu hiyo, lakini kiini cha mabishano kilikuwa maana ya maneno mawili matatu ya sheria iliyopitishwa miaka 20 kabla.

Tukiacha kasi, mlango wa mahakama una kizingiti ambacho wengi hukigundua wakiwa wamekwisha lipa ada. Mlalamikaji lazima aonyeshe kwamba yeye binafsi ameumia au ataumia, na kwamba hukumu inaweza kuliponya jeraha hilo. Hasira ya raia dhidi ya serikali yake haihesabiwi. Mwanafunzi aliyenyimwa viza, chuo kilichompoteza profesa wake, jimbo lililopoteza mapato, hao wanaingia. Aidha, tangu tarehe 27 Juni 2025, Mahakama ya Juu ilipoamua kwa kura 6 dhidi ya 3 kwamba majaji wa ngazi ya chini kwa kawaida hawana mamlaka ya kutoa zuio linalowalinda watu wote nchini, zuio la namna ya Jaji Robart limekuwa gumu kupatikana. Njia ya kesi ya pamoja, ambamo watu wenye shida moja huunganishwa kuwa kundi, bado iko wazi, ila inahitaji kazi kubwa zaidi ya kisheria na jumuiya ndogo haiwezi kuibeba peke yake.

Palipo na vita, tofauti ya milango hii miwili ni ya usiku na mchana, na majira ya joto ya mwaka 1973 yanaionyesha kuliko wakati mwingine wowote. Ndege za Marekani zilikuwa zikiipiga mabomu Kambodia bila Kongresi kuwa imetangaza vita. Elizabeth Holtzman, mbunge wa Brooklyn, akishirikiana na maofisa wa jeshi la anga, alifungua kesi, na tarehe 25 Julai Jaji Orrin Judd akaamuru mashambulizi yasitishwe. Mahakama ya rufaa ikaisimamisha amri hiyo siku mbili baadaye. Jaji Thurgood Marshall wa Mahakama ya Juu akakataa kuingilia. Mawakili wakamfuata Jaji William Douglas, naye wa Mahakama ya Juu, hadi jimbo la Washington, alikokuwa mapumzikoni. Akawasikiliza katika mahakama ya mji wa Yakima na tarehe 4 Agosti akairudisha amri ya Jaji Judd. Siku hiyohiyo, baada ya kuwasiliana na majaji wenzao wengine, Marshall akaizima tena. Uamuzi wa kusitisha vita uliishi kwa saa chache tu.

Wakati huohuo Kongresi ilikuwa imelishika jambo hilo kwa upande wa mfuko. Mwezi Juni ilipitisha kifungu cha kukata fedha za mashambulizi, Rais Richard Nixon akakipiga kura ya turufu, na Baraza likashindwa kufikisha theluthi mbili. Wabunge hawakuacha, waliendelea kukipachika kifungu hicho katika miswada ya fedha ambayo serikali isingeweza kuendeshwa bila hiyo, hadi Nixon akakubali tarehe ya mwisho. Mabomu yakakoma tarehe 15 Agosti 1973, siku ileile iliyoandikwa katika sheria. Wapo watakaosema kwamba hayo yalikuwa maridhiano ya aibu, kwa sababu yaliruhusu wiki sita zaidi za mabomu, na hilo ni kweli. Lakini kati ya wote walioingia uwanjani mwaka huo, ni wabunge peke yao waliozituliza ndege chini.

Novemba mwaka huo Kongresi ilijaribu kuweka utaratibu wa kudumu kwa kupitisha Azimio la Mamlaka ya Vita juu ya kura ya turufu ya Nixon: rais atoe taarifa ndani ya saa 48, na majeshi yaondolewe baada ya siku 60 iwapo Kongresi haijaidhinisha, kwa nyongeza ya siku 30 za kujiondoa kwa usalama. Mwenye kutegemea utaratibu huu ajue umetobolewa mara ngapi. Mashambulizi ya Kosovo mwaka 1999 yalidumu siku 78, na Baraza la Wawakilishi lilipoulizwa kama linayaidhinisha lilitoka sare, kura 213 kwa 213. Wabunge waliokwenda mahakamani walirudishwa mwaka 2000 kwa hoja kwamba silaha zao za kibunge bado wanazo mikononi na wazitumie hizo kwanza. Mwaka 2011 serikali ya Barack Obama ilidai kwamba mashambulizi ya Libya hayakufikia kiwango cha mapigano yanayotajwa katika azimio hilo, na wabunge walioshtaki wakakutana na jibu lilelile. Mwaka 2019 Kongresi ilipitisha azimio la kuiondoa Marekani katika vita vya Yemen. Trump akalipiga kura ya turufu, na Seneti ikashindwa kuishinda, kura 53 dhidi ya 45.

Kushindwa huko kwa mwaka 2019 kuna mzizi ambao wasomaji wa Afrika Mashariki huenda wasiutarajie, maana unaanzia Kenya. Jagdish Rai Chadha alizaliwa Kenya katika familia yenye asili ya India, akawa na pasipoti ya Uingereza, na mwaka 1966 akaingia Marekani kwa viza ya mwanafunzi. Viza hiyo ilikwisha tarehe 30 Juni 1972, na mwaka uliofuata idara ya uhamiaji ikamtaka aeleze kwa nini asifukuzwe. Mwaka 1974 hakimu wa uhamiaji alikubali kwamba kumfukuza kungemletea taabu isiyo ya kawaida, akamruhusu abaki. Lakini sheria ya wakati huo iliipa nyumba moja tu ya Kongresi uwezo wa kuubatilisha uamuzi wa namna hiyo kwa azimio lisilopelekwa kwa rais. Tarehe 16 Desemba 1975 Baraza la Wawakilishi lilipitisha azimio dhidi ya watu sita, Chadha akiwa mmoja wao, bila mjadala na bila kura kuhesabiwa.

Chadha akashtaki. Tarehe 23 Juni 1983 Mahakama ya Juu ilimpa ushindi kwa kura 7 dhidi ya 2: azimio lolote la Kongresi lenye nguvu ya kubadilisha haki za watu lazima lipite katika nyumba zote mbili na kufikishwa kwa rais, ambaye anaweza kulikataa. Kwa Chadha huo ulikuwa ukombozi. Kwa Kongresi ulikuwa pigo, kwani kwa miongo kadhaa ilikuwa imezoea kumkabidhi rais mamlaka mapana huku ikijiachia njia ya mkato ya kumrudisha nyuma kwa wingi mdogo wa kura. Njia ya mkato ilifungwa, mamlaka yaliyokabidhiwa yakabaki kwa rais, na tangu hapo kumnyang'anya kunahitaji theluthi mbili za kila nyumba.

Sheria ya Hali za Dharura ya mwaka 1976 ni mfano mzuri wa sheria iliyobaki na mguu mmoja, na ujenzi wa ukuta wa mpaka wa Mexico ulionyesha hivyo. Baada ya serikali kufungwa kwa siku 35, kuanzia Desemba 2018, Kongresi ilimpa Trump dola bilioni 1.375 kati ya 5.7 alizotaka. Februari 2019 akatangaza hali ya dharura ili ahamishe fedha za jeshi. Seneti, iliyokuwa mikononi mwa chama chake, ilipiga kura 59 dhidi ya 41 kuifuta dharura hiyo. Baraza lilikuwa limekwisha fanya hivyo. Kabla ya mwaka 1983 mambo yangeishia hapo. Trump akaweka kura ya turufu siku iliyofuata, na jaribio la kuishinda likapata kura 248 dhidi ya 181, pungufu ya theluthi mbili. Mahakamani nako, amri ya jaji wa California iliyozuia matumizi ya dola bilioni 2.5 za wizara ya ulinzi ilisimamishwa na Mahakama ya Juu kwa kura 5 dhidi ya 4 mwezi Julai. Katika suala moja, ndani ya miezi sita, milango yote miwili ilifungwa, na anayeuliza ni upi ulio bora hana budi kulizingatia tukio hili kabla ya kuupamba mmoja wapo.

Je, theluthi mbili zinapatikana? Kwa nadra sana. Marais wameweka zaidi ya kura za turufu 2,500 tangu George Washington, na zilizoshindwa ni takriban 110. Zikipatikana, lakini, matokeo yake huwa mazito. Ronald Reagan alipoikataa sheria ya vikwazo dhidi ya utawala wa ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini mwaka 1986, Baraza liliirudisha kwa kura 313 dhidi ya 83, na Seneti kwa 78 dhidi ya 21, huku maseneta wengi wa chama chake wakimwacha peke yake. Nyuma ya kura hizo kulikuwa na miaka ya makanisa, vyuo vikuu na vyama vya Wamarekani Weusi kuwasumbua wabunge wao jimbo kwa jimbo. Hakuna kesi ambayo ingelizaa jambo lile, kwa kuwa hapakuwa na mlalamikaji ambaye mahakama ya Marekani ingemsikiliza dhidi ya sera ya nje ya rais.

Fedha ndilo eneo ambalo mlinganisho unamhusu zaidi msomaji wa Afrika Mashariki. Nixon alizuilia fedha ambazo Kongresi ilikwisha idhinisha, na Kongresi ikajibu kwa sheria ya mwaka 1974 inayomtaka rais aombe idhini anapotaka kufuta matumizi, na azitoe fedha hizo iwapo idhini haikupatikana ndani ya siku 45. Tarehe 20 Januari 2025 Trump aliamuru misaada ya nje isimamishwe kwa siku 90 ili ikaguliwe, na kliniki zinazotoa dawa za virusi vya ukimwi katika nchi nyingi za Afrika zikapokea maagizo ya kusitisha kazi. Mashirika yalikimbilia mahakamani. Tarehe 5 Machi Mahakama ya Juu, kwa kura 5 dhidi ya 4, ilikataa kuiondoa amri ya jaji iliyotaka walipwe takriban dola bilioni 2 kwa kazi waliyokwisha kuifanya. Huo ulikuwa ushindi wa kweli, ila ulihusu kazi ya nyuma. Mwezi Agosti mahakama ya rufaa ilisema kwamba mashirika hayawezi kushtaki kwa kutumia sheria ya mwaka 1974, na mwishoni mwa mwezi huo Ikulu ikapeleka ombi la kufuta fedha nyingine zikiwa zimebaki siku chache kuliko 45 kabla ya mwaka wa fedha kwisha. Tarehe 26 Septemba Mahakama ya Juu iliruhusu takriban dola bilioni 4 ziendelee kuzuiliwa. Siku nne baadaye muda wa kuzitumia ukaisha.

Upande wa pili wa mizani, mwezi Julai 2025 Kongresi yenyewe ilikubali kufuta takriban dola bilioni 9, zikiwemo za misaada ya nje, na aliyetegemea wabunge wailinde misaada hiyo alivunjika moyo. Hata hivyo, katika mswada uleule maseneta wachache wa chama cha rais waligoma kupunguza dola milioni 400 za PEPFAR, mpango wa ukimwi wa enzi za George W. Bush, na Ikulu ikaziondoa katika orodha ya kufutwa. Fedha hizo hazikunusuriwa na wakili mbele ya jaji. Walizinusuru watu waliofanya kazi ya kuwashawishi maseneta ambao rais alizihitaji kura zao, na ambao kwa sababu hiyo walikuwa na neno la kumwambia.

Iwapo lengo ni rais mwenyewe kama mtu, nitapita kwa haraka, kwa sababu chaguo hapa ni finyu. Marais watatu wameshtakiwa na Baraza la Wawakilishi, Andrew Johnson mwaka 1868, Bill Clinton mwaka 1998, na Trump mara mbili, mwaka 2019 na 2021. Seneti haijawahi kumtia hatiani hata mmoja, ingawa Johnson alinusurika kwa kura moja tu. Tarehe 1 Julai 2024 Mahakama ya Juu iliongeza kwamba rais wa zamani hashtakiki kwa jinai kwa matendo yaliyo katika kiini cha mamlaka yake ya kikatiba, na huchukuliwa kuwa na kinga kwa matendo mengine ya kiofisi. Nixon ndiye aliyeanguka, na alianguka kwa sababu milango yote miwili ilifunguka kwa pamoja: tarehe 24 Julai 1974 majaji wanane bila kupingwa walimwamuru atoe kanda za mazungumzo yake, siku tatu baadaye kamati ya Baraza ikaanza kupitisha mashtaka, na tarehe 9 Agosti akaondoka. Kanda bila kamati zingekuwa aibu tu ya magazetini.

Kwa hiyo, mwenye jeraha lenye jina na tarehe, kama vile ndugu aliyezuiwa uwanja wa ndege, kibali cha kazi kilichofutwa au malipo ya kazi iliyokwisha fanyika, aende mahakamani mapema, ikiwezekana kwa kujiunga na kesi ya pamoja, na amwombe wakili wake amwonyeshe sheria ya Kongresi wanayoisimamia. Wakili akiwa na hoja ya Katiba peke yake bila sheria, kesi inaweza kushinda, lakini ningeishikilia fedha yangu kwa mkono mgumu zaidi. Anayepinga vita, au anayetetea fungu la bajeti, asipoteze muda kortini. Na katika kumtafuta mbunge, mwanachama wa chama cha rais mwenye kiti kinachotikisika ana thamani kuliko wapinzani kumi ambao tayari wanakubaliana nawe. Kura ya turufu haijawahi kushindwa na chama kimoja kilichogawana viti nusu kwa nusu na mwenzake.

Kuhusu uhamiaji, ambako ndiko wengi wa jumuiya zetu wameumia, ningeichukua mahakama kama ganzi na Kongresi kama matibabu. Mswada wa kukipunguza makali kifungu cha mwaka 1952, kwa kumtaka rais atoe ushahidi mahususi, ajadiliane na Kongresi na asibague kwa misingi ya dini, ulikwisha andikwa. Ulipita Baraza la Wawakilishi tarehe 22 Julai 2020 kwa kura 233 dhidi ya 183, ukapita tena Aprili 2021 kwa kura 218 dhidi ya 208, na mara zote mbili Seneti haikuupigia kura. Kwa kanuni za Seneti mswada wa namna hiyo unahitaji kura 60 ili mjadala ufungwe, kwa hiyo jumuiya iliyoamua kuutumia mfuko wake upande huu ianze na jambo moja dogo: kuwaandikia maseneta wake wawili, mmoja mmoja, na kuwataka wajibu kwa maandishi kama wangeuunga mkono.